Si kijicho, ni kijitundu

Haya ni maneno juu ya mtoto mchanga anayetoka machozi bila kulia, niliyozungumza wiki iliyopita na kinamama (na kinababa watatu waliosimama dirishani) kwenye banda la skuli kijijini kwetu huku Wete. Wengi wakaniomba niyaandike ili wawarushie mabinti zao walioko Unguja na Dar na Maskati, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema, hata vichekesho sikuvitoa.

Assalaam alaykum jamani. Kaeni, wenye vitoto waje mbele huku kwenye upepo, na wale waliokuja na pakacha zao za karafuu wachambue tu, masikio hayachambui.

Nianze na aibu yangu mie mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alipofika wiki ya tatu jicho la kushoto likaanza kutoka machozi, halii wala hana homa, kalala zake lakini shavu limerowa, na asubuhi akiamka kope zimegandana kwa tongo mpaka jicho halifunguki. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akaangalia akasema hiki kijicho, kuna mtu kamuona siku ya akika akamsifu bila kusema mashaallah. Basi nikatia maziwa ya kifua, halikupoa. Nikapaka wanja, halikupoa. Jirani akaniletea chupa ya dawa ya macho iliyobaki kwa mwanawe, nayo nikatia, likapoa siku mbili likarudi pale pale. Nikarudia wanja, na mtoto alipotimia miezi minane hivi, siku moja naamka jicho kavu, safi kama la mwenziwe. Sifa zote akachukua wanja! Nikawa miye ndo mtangazaji, kila mwenye mtoto mwenye machozi namwambia paka wanja, mwanangu kapona kwa wanja.

Miaka ikapita nikaenda kusomea uuguzi, halafu nikaongezea mambo ya macho, ndipo mwalimu wetu akasimama ubaoni akachora pua. Siye tumekuja kusoma macho yeye anachora pua! Nikajiuliza huyu vipi. Akasema mtoto mchanga anayetoka machozi bila kulia, jicho lake mara nyingi ni zima, kasoro iko puani. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa nawahesabu watu wote niliowapeleka kwenye wanja.

Sasa hebu tufanye kitu. Nani hapa aliwahi kutiwa dawa ya matone machoni, baada ya muda akasikia uchungu kooni? Naona mikono, mingi tu. Na nani aliwahi kulia msibani kamasi zisimtoke? Hapana hata mmoja. Basi hayo ndiyo yale yale. Machozi hutengenezwa juu huku, upande wa nje chini ya nyusi, yanaosha jicho, kisha yanashuka kwenye pembe ya ndani karibu na pua. Mwenye kioo kwenye mkoba avute ukope wa chini kidogo kwa nje, aangalie ukingoni pale karibu na pua, ataona kijitundu kama alama ya sindano. (Hapa kukawa na zogo, vioo viwili vinazungushwa banda zima, bibi mmoja akasema yeye hana, nikamwambia unacho bibi, miwani ndo huna.) Kijitundu kiko chini na chengine juu, vyote vinaingia kwenye kifuko kidogo, na kutoka kwenye kifuko hicho unashuka mrija mpaka ndani ya pua. Ndo maana ukilia sana pua nayo inalia.

Mrija huo mtoto akiwa tumboni huanza ukiwa umejaa kama muwa, halafu unatoboka ndani pole pole mpaka unakuwa kama kile kikonyo cha mpapai watoto wanachopulizia. Sehemu ya mwisho kutoboka ni huku chini kabisa unapoingilia puani, na kuna watoto wanazaliwa pale chini pamebaki utando, mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Basi machozi yanashuka yanakuta mlango umefungwa, yanarudi juu yanamwagika shavuni, na yale yaliyotuama kwenye kifuko yanachacha yanakuwa tongo. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa ni kama watano, na wapo waliohesabu wakafika mpaka ishirini, kwa hiyo ukiona la mwanao usidhani umeandamwa peke yako.

Mtaniuliza mbona akizaliwa jicho lilikuwa zuri, lilianza wiki ya pili au ya tatu, si ndo hapo alipoonwa? Hapana. Mtoto akizaliwa machozi yake ni machache mno, nyie wenyewe mmewaona wanalia makelele shavu kavu. Machozi yakianza kutengenezwa kwa wingi wiki hizo za mbele ndo kufungwa kwa mrija kunajionyesha, na bahati mbaya ni wakati ule ule wageni wamejaa ndani wanamwangalia mtoto. Kwa hiyo maskini shangazi wa watu aliyekuja na sabuni na pesa zake ndo anabebeshwa. Mie nawaambia, hapa hapana kijicho, pana kijitundu.

Na hili naomba mlishike. Katika kila watoto kumi wenye tatizo hili, tisa hivi mrija unafunguka wenyewe kabla hawajatimia mwaka. Wenyewe! Kwa hiyo chochote utakachokuwa unapaka siku ile kitapata sifa. Ukiwa unapaka wanja utasema wanja, ukiwa unatia maziwa utasema maziwa, ukiwa umekwenda kwa mganga ukatoa kuku basi mganga ataongeza bei. Mwaka wa masika makubwa nyumba yetu mchirizi wa bati uliziba kwa majani ya mwembe, maji yakawa yanateremka ukutani, mume wangu akapaka chokaa. Kukanyesha tena, akapaka tena. Dawa zote hizo za kutia jichoni ni chokaa, maana ulioziba ni mchirizi.

Haya, sasa tunazibuaje. Tuna kidole. Mwaka 1923 daktari mmoja Marekani, Crigler, aliandika namna ya kukikanda kile kifuko ili machozi yaliyomo yasukumwe chini kwa nguvu yaupige ule utando upasuke, na mpaka leo hospitali zinafundisha hivo hivo. Kila mtu achukue kidole chake cha mwisho, aweke kwenye pembe ya ndani ya jicho, sio juu ya jicho, jicho usiliguse, weka pale kwenye mfupa wa pua linapoishia jicho. Utasikia kishimo kidogo. Bonyeza ndani, halafu huku umebonyeza teremsha kidole chini ubavuni mwa pua. Kinyanyue, rudi juu, tena. Hapo umefanya mara moja. Fanya mara kumi.

Nguvu gani? Hapa ndo wengi wanakosea, wanapapasa kama wanampaka mtoto mafuta, hakuna kinachosukumwa. Na wengine wanakamua kama nazi. Mie nawafundisha hivi, mmeshawahi kwenda sokoni mkataka kujua embe limewiva au bado, na mwenyewe kasimama anakuangalia hataki liguswe? Ile namna ya kulibonyeza kwa kuiba, limesikia kidole lakini halikuumia, ndo hiyo hiyo. Mtoto atakunja uso, pengine atalia kidogo, sio kwamba umemuumiza. Na ukibonyeza ukaona tongo limepanda limejitokeza jichoni usikimbie, ni ule uchafu wa kwenye kifuko, futa uendelee.

Mara ngapi kwa siku, mara nne inatosha. Wewe uko kwenye arobaini huswali, lakini adhana unaisikia, basi adhuhuri ikilia kumi, alasiri kumi, magharibi kumi, isha kumi. Nimewapa wengi hesabu hii na haisahauliki, maana ukiwaambia watu "kila baada ya masaa kadhaa" wanakwambia ndio halafu wanalala, na kwa mama mwenye mtoto mchanga simlaumu.

Mikono jamani. Kata kucha, hasa ya kidole hicho hicho. Osha kwa sabuni. Na msimu huu nawaona hapa mnachambua, vidole vimekuwa vyeusi, nyote mnajua ukisahau ukajifuta jicho baada ya kuchambua karafuu inavokuwa, unaliona jua usiku. Sasa fikirieni jicho la wiki tatu. Kwa hiyo ukitoka kwenye mkeka osha mara mbili, nusa vidole, bado vinanukia karafuu osha tena au mwambie mwengine akande.

Kufuta tongo ni maji yaliyochemshwa yakapoa na pamba safi. Unafuta kutoka ndani kwenda nje mara moja, pamba ile unaitupa, unachukua nyengine, na kama macho yote mawili yana tongo kila moja na pamba yake. Sio pindo la kanga! Pindo la kanga limeshika sufuria, limefuta kamasi za mkubwa wake, limefungiwa noti mpaka sokoni na kurudi, halafu ndo linakwenda jichoni. Nawaona mnacheka kwa sababu mmefanya jana.

Sasa wanja. Najua hapa nachokoza, siye watu wa pwani mtoto bila wanja tunamuona yuko uchi. Lakini wanja mwingi unaouzwa una madini ya risasi ndani, risasi hii hii ya kwenye betri za gari, na mtoto anajifikicha jicho halafu anatia mkono mdomoni, inaingia mwilini na inadhuru ubongo unaokua. Haionekani kwa macho wala haimtii homa, ndo ubaya wake. Mie kwangu nimeshaukataza, wajukuu zangu wote hawana wanja na wazuri vile vile, mashaallah. Maziwa ya kifua ni ya kinywani kwake, huko ndiko yanakofanya kazi, jichoni hayatoboi utando wowote. Mate ya bibi pia hapana, bibi anisamehe.

Na dawa za dukani. Kama jicho ni jeupe, halijavimba, linatoka machozi na tongo kidogo tu, halihitaji antibaotiki. Tongo likizidi likawa la kijani siku nzima daktari anaweza kukuandikia matone au mafuta ya wiki moja, yatapunguza uchafu lakini mrija hayafungui, usishangae likirudi. Kinachonitisha mie ni yale matone ya kuchanganywa, yana antibaotiki na ndani yake kuna deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, watu wanayapenda maana jicho linang'aa kesho yake. Hayo ukitia kwa muda bila kuangaliwa yanaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho mpaka mtoto asione. Ile chupa niliyopewa na jirani yangu sijui mpaka leo ilikuwa ya nini, nilitia tu. Nikikumbuka nashtuka.

Haya, karafuu wekeni chini kidogo, hapa nataka masikio na macho.

Yote niliyosema ni ya jicho jeupe. Mtoto chini ya siku 28, jicho limekuwa jekundu, kope zimevimba hazifunguki, usaha unatoka unafuta unatoka tena, huyo si mrija. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, usiku huo huo, hata kama mvua inanyesha, hata kama hajatoka arobaini. Hiyo mara nyingi ni maambukizi aliyoyapata akipita njia ya uzazi, yakiwemo ya kisonono au klamidia, yote mawili maradhi ya zinaa, na ile ya kisonono huanza siku mbili tatu tu baada ya kuzaliwa na inaweza kutoboa kioo cha jicho haraka mno, umengoja Jumatatu jicho limekwenda. Zamani Ulaya watoto wengi walikuwa wakipofuka kwa hili, mpaka daktari Credé kule Leipzig miaka ya 1880 akaanza kuwatia watoto tone la dawa yenye madini ya fedha machoni wakizaliwa tu. Ndo asili ya yale mafuta ya tetrasaiklini wanayopaka wakunga hospitali, usimkatalie mkunga kwa sababu yanamfanya mtoto aonekane kapakwa samli.

Na hapa naomba hekima. Mtoto akikutwa na kisonono au klamidia baba na mama wote wawili wanatibiwa. Nimeona nyumba imevunjika kwa swali la nani kaleta, mtoto yuko kitandani na sindano watu wazima wanagombana kwenye korido. Mama anaweza kuwa nayo hana dalili hata moja, hajui. Tibuni kwanza. Mengine mtaulizana mtoto akishaona.

Kuna la pili, hili linaudhi kwa sababu linakuja kwa sura nzuri. Mtoto anatoka machozi, anafumba macho akitolewa nje kwenye mwanga, anaficha uso kifuani mwa mama, na macho yake ni makubwa, makubwa hasa. Ukoo mzima unasifu, macho haya kayatoa kwa bibi yake, huyu akikua huyu! Kumbe ni presha ya jicho ya kuzaliwa nayo, jicho la mtoto mchanga bado laini, maji yakijaa ndani linatanuka kama puto. Ukiangalia vizuri pale penye weusi pana ukungu, halina mng'aro. Huyo hakandwi hata siku moja, huyo anakwenda kwa daktari wa macho wiki hii hii, na tiba yake kubwa ni upasuaji mapema. Kwa hiyo machozi pamoja na kuogopa mwanga, usikae nyumbani unahesabu adhana.

Uvimbe nao. Akizaliwa au siku chache baadaye ukiona kijivimbe cha rangi kama zambarau chini ya pembe ya ndani ya jicho, mpeleke, hasa kama anapata tabu kupumua akinyonya, maana mtoto mchanga anapumua kwa pua na uvimbe ule unaweza kushuka mpaka ndani puani. Na kama pale pembeni pamekuwa pekundu, pa moto, panauma na mtoto ana homa, kifuko kimeingia usaha, acha kukanda kabisa, usikamue, hospitali.

Waliobaki sasa. Yule mmoja katika kumi, umekanda, umemaliza mwaka, bado shavu linarowa. Hapo ndo unazibuliwa kwa kifaa. Mtoto analazwa kwa dawa ya usingizi, daktari anapitisha waya mwembamba usio na ncha kali kwenye kile kijitundu mlichokiona kwenye kioo, unashuka kwenye mrija mpaka unautoboa utando. Ule waya una jina la Bowman, daktari wa London wa karne ya 19. Hakuna kisu wala mshono, kazi yenyewe dakika chache, mtoto anarudi kwako siku hiyo hiyo, na wengi wao, zaidi ya wanane katika kumi, wanakuwa wamemalizana nalo. Ukiona kamasi au chozi lina damu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Mrija ukigoma anazibuliwa tena, au anawekewa uzi wa silikoni unakaa miezi kadhaa kisha unatolewa. Kitu kimoja tu, ukiambiwa acha kumnyonyesha saa fulani kabla ya dawa ya usingizi, acha kweli, usimwonee huruma ukamnyonyesha chooni kwa siri, maziwa yakipanda akiwa usingizini yanaingia mapafuni.

Kazi hii haifanywi kila kituo. Anza kituo chako cha afya uombe barua ya rufaa, na kwa wengi itabidi boti mpaka Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja kwenye kitengo cha macho. Nauli najua. Lakini ndo uzuri wa kukanda mapema, wengi wenu boti hilo hamtalipanda.

Mkasema mwaka mzima mbali, mbona tusizibue akiwa na mwezi? Kwa sababu tisa katika kumi utakuwa umewalaza usingizi wa dawa bure.

(Maswali yalikuwa mengi, nitaandika mawili tu, mengine yalikuwa ya mambo ya ndani ya watu.)

Binti mmoja alikuja na kitoto cha miezi miwili, jicho la kulia limerowa, akasema anakanda tangu mwezi uliopita na halisikii. Nikamwambia kanda nione. Akawa anapitisha kidole juu ya ukope, kwa huruma, kama anamfuta vumbi. Nikamshika mkono nikamteremsha kidole mpaka pale kwenye mfupa, tukabonyeza pamoja, na mbele ya banda zima likajitokeza tongo la manjano kama punje ya mtama pembeni mwa jicho. Kinamama wote "heeee!" Binti akataka kulia. Nikamwambia futa, rudia, mwezi mzima ulikuwa unagonga dirisha na mlango uko huku.

Swali la mwisho likatoka dirishani, baba mmoja katika wale watatu, kajiziba mdomo kidogo kwa haya. Akauliza, mama akiwa kalala, baba naye anaweza kukanda? Kinamama wakamgeukia wote. Nikamwambia nyoosha mikono nione. Akanyoosha. Kucha ndefu, vidole vyeusi vya kupanda mikarafuu tangu alfajiri. Nikamwambia unaweza baba, kanawe, zikate hizo, kisha uje hapa mbele nikuonyeshe. Akaondoka, nikajua ndo kakimbia. Tukiwa tunakunja mikeka akarudi, mikono inanukia sabuni ya kufulia.